Mwanangu alitolewa kwenye gari mgodini kwa presha, tukamfanyisha mazoezi nyumbani kwa jembe na ndoo, majirani wakadhani tumepata dhahabu

Wakuu, poleni na majukumu. Walionizidi umri humu ndani, kama wapo, shikamoo zenu. Waliobaki marahaba, nimeipokea hata kama hamjaitoa.

Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu. Atakayesema ni chai, Buseresere ipo palepale njia ya Biharamulo, aende akaulize.

Nimesoma humu wazazi wakilalamika. Kazi nyingi, watoto wadogo, gym ghali, mazoezi ya nyumbani yanachosha roho. Nikasema ngoja nitoe ya kwangu, maana kwa mwanangu maneno yalikuwa hayohayo.

Mimi naishi Ngokolo, Shinyanga mjini. Mwanangu Masanja anaendesha lile gari kubwa la kubeba mawe kwenye mgodi mmoja huko Geita. Amepanga Buseresere na mkewe, Mama Kulwa, na mapacha wao, Kulwa na Doto. Mama Kulwa ana duka la ndoo na mabeseni pale senta.

Kwa macho ya kwetu Masanja alikuwa anapendeza. Shavu limejaa, tumbo limetangulia, watu wanamsifu mkewe kwamba anajua kutunza.

Akaenda kupima afya kazini kama wanavyopimwa wote. Presha juu, uzito umepita kiasi.

Wakamtoa kwenye gari siku ileile, wakamweka stoo. Wakampa dawa. Wakamwambia atapimwa tena mkataba ukikaribia kwisha, na presha ikiwa bado juu, mkataba hauendelei. Kuendesha ndiyo kazi anayoijua. Ada za watoto, kodi ya nyumba, vyote viko kwenye usukani ule.

Mama Kulwa akanipigia simu. Hakulia, lakini niliisikia sauti yake.

"Mama, naomba uje. Mwanao mimi hanisikii."

Nikapanda basi.

Nilichokikuta sasa. Chumbani kuna mashine ya kukunjia tumbo, imeanikiwa masuruali. Gym alikwenda Katoro, akaacha, kwa sababu akienda yeye, mwenzake anabaki na duka, mapacha na jiko. Alijaribu kukimbia barabarani alfajiri, malori yakamnywesha vumbi. Akajaribu video za simu, anarukaruka sebuleni mtu mzima, watoto wanacheka mpaka wanakaa chini. Akazima.

Nikamwuliza, "Unachochukia ni kutoka jasho, au kutoka jasho peke yako?"

Akafikiri. "Peke yangu, mayu. Najiona mjinga."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Akiniita hivyo najua anasema kweli.

Hapo nikajua pa kushika. Wakuu, kwetu Usukumani kuna kulima kwa ngoma, tunaita bugobogobo. Watu wanasimama mstari mmoja. Majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, halafu yanarushwa juu yanazunguka, kila mtu anadaka lake, ngoma haijasimama. Hakuna anayehesabu. Wimbo ukikolea, shamba limekwisha na wewe hujui.

Mimi niliicheza nikiwa msichana, na nilikuwa mstari wa mbele. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia Mama Kulwa, "Lete ndoo kutoka dukani, ile kubwa, na majembe mawili."

"Mama, kiangazi hiki tutalima nini?"

"Tutamlima mumeo."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike.

Tukapanga hivi. Asubuhi uji unabandikwa. Wakati unachemka, sote uani nyuma ya nyumba. Doto anapiga ndoo, Kulwa anaimbisha, wazazi wanalima, mimi nasimamia. Watoto jembe hawashiki, nimewapa vijiti. Uji ukiiva, kila mtu na safari yake, Masanja kwenye basi la kampuni, mkewe dukani. Hakuna aliyetafuta muda wa ziada wala aliyetoa hela.

Siku ya kwanza Masanja alilima kidogo akashika kiuno.

"Ng'ombe wa kukokota plau anapumua vizuri kuliko wewe," nikamwambia.

"Mayu, naumwa."

"Ndiyo maana tunaanza polepole. Shika mpini."

Dawa hakuacha, nisieleweke vibaya. Nesi alituambia aanze taratibu na akisikia kizunguzungu akae, tukafuata hivyo. Chumvi mezani niliiondoa mimi mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuirudisha.

Kilichomnyanyua Masanja ni mkewe. Yule binti mwembamba anarusha jembe linazunguka, analidaka, na anamwangalia mumewe kwa pembe ya jicho. Kulwa akatunga wimbo wake, "Baba kadondosha, mama kadaka." Mwanaume gani atavumilia hilo? Masanja akaanza kuamka kabla sijamwita. Nikamkuta uani anajifunza kurusha kwa siri.

Wiki zikapita. Mkanda wa suruali ukaanza kuomba tundu jipya.

Sasa wakuu, nilisahau tuko wapi.

Hapa ni nchi ya dhahabu. Watu wakiona familia inachimbua uani kila alfajiri, kiangazi kikavu, hakuna mbegu, na ndani ya uzio wanaimba kwa furaha, hawawazi mazoezi. Wanawaza kwamba mmeona.

Jirani wa kwanza kuja ni Baba Juma, ananunua mawe ya wachimbaji wadogo. Kafika na salamu nyingi mno.

"Shikamoo mama. Udongo wenu unasemaje?"

"Marahaba. Udongo haujasema kitu."

"Mimi ni jirani, mama. Duara likifunguka msinisahau." Duara ndiyo shimo la dhahabu.

"Tunapunguza tumbo la Masanja."

Akaniangalia kama mtu anayedanganywa na mkwe. "Sawa mama. Tumbo. Nimeelewa." Akaondoka huku anatabasamu.

Kesho yake kuna watu nje ya uzio. Mmoja kabeba karai la kuchekechea.

Siku iliyofuata kaja mwenye nyumba, Mzee Maganga, kavaa koti kabisa, Baba Juma nyuma yake. Kasimama katikati ya uani, kafungua maneno. Ardhi ni yake. Hajapewa taarifa. Mgawo wa mwenye ardhi unajulikana. Na kuanzia saa ile hakuna jembe litakalogusa uwanja wake mpaka tukae mezani.

Masanja akaweka jembe chini. Ilikuwa imebaki wiki moja tu aende kupimwa, nikaona uso wake unarudi kuwa ule wa siku niliyofika. Akasema, "Basi mayu, tuache. Atatutoa kwenye nyumba."

Sikukubali. Nimelea watoto, sitishwi na koti.

Nikaokota lile jembe, nikampa Mzee Maganga kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mzee, haki yako. Chimba mwenyewe uione. Doto, piga."

Doto akapiga ndoo. Mzee akasimama na jembe mkononi, hajui afanye nini. Akachimba mara moja, akainama kuangalia udongo. Akachimba tena. Ndoo haikunyamaza, na Kulwa akaanza kuimba, na Mama Kulwa akaingia mstarini pembeni yake.

Mzee Maganga ni Msukuma wa Bariadi. Niliona bega lake linaanza kuifuata ndoo kabla mwenyewe hajajua. Halafu akavua koti, akampa Baba Juma alishike, na akalirusha jembe juu.

Likazunguka. Akalidaka.

Nje ya uzio watu wakapiga vigelegele.

Alipotulia, jasho linamtiririka, akaniambia, "Mama Masanja, kumbe ni tumbo kweli."

"Nilimwambia Baba Juma."

"Baba Juma alisema una siri kubwa." Akavuta pumzi. "Ila msichimbe karibu na ukuta, msingi wangu utalegea. Na mimi kesho nakuja saa ngapi?"

Akaja. Akaja na binti yake mwenye mtoto mchanga, mtoto akalazwa kwenye beseni kivulini. Wakaja mama wawili wa mtaa ule. Baba Juma naye kaja, ingawa nadhani mpaka leo anachungulia udongo.

Siku ya kupimwa Mama Kulwa hakufungua duka. Tulikaa wote kibarazani, tunachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Masanja akashuka kwenye basi, akaja mdogomdogo. Alipofika mbele yangu, akachuchumaa.

"Mayu, presha imeshuka. Wamenirudishia gari. Mkataba nimeshasaini."

Mama Kulwa akajifunika uso na kanga. Watoto wakamrukia baba yao mgongoni, na akasimama nao wote wawili bila kushika kiuno.

Mimi nilimwambia, "Vizuri." Sikusema zaidi, sina mazoea hayo. Lakini humu hamnioni uso, kwa hiyo nasema: nilijivunia mpaka kifua kikaniuma. Yeye, na yule mke wake, na wale watoto na ndoo yao.

Nilichojifunza, kwa wazazi mnaokosa muda. Usiwatoroke watoto ili ukafanye mazoezi, waweke kazini, wao ndio watakaokuamsha. Usinunue kitu. Tafuta kazi ambayo babu na bibi zako waliifanya kwa wimbo, uifanye tena, hata kama hakuna cha kuvuna. Na mume na mke mkisimama mstari mmoja, atakayeanza kuchoka ataona aibu kuacha.

Na ukiwa unakaa ukanda wa dhahabu, mwambie mwenye nyumba kwanza.

Nimerudi Ngokolo sasa, na hapa uani kwangu kuna mama wa jirani wameanza kuuliza majembe. Ninyi kwenu, Wagogo, Wahaya, Wamakonde na wengine, ni kazi gani mlikuwa mnaifanya kwa ngoma? Andikeni hapa chini, nitasoma yote. Wenye utani nao waje, ila waanze na salamu.