Mama anamgawia jirani kidonge chake cha saratani

Mhariri, jina langu naomba lisitoke, maana huku kwetu gazeti moja linasomwa na kijiji kizima. Nina miaka arobaini na moja, nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi mjini, na nimechoka. Sisemi nimechoka na kazi. Nimechoka kuwa mimi ndiye mwenye ufunguo.

Mama yangu ni mjane wa Kirua Vunjo. Mwaka juzi alikatwa titi kwa saratani, na daktari akamwombea nafasi kwenye mpango wa dawa za bure za kampuni ya Ulaya inayozitengeneza. Kidonge kimoja kila siku, chupa moja kwa mwezi. Masharti yake ni kwamba dawa ni ya aliyeandikishwa tu, hagawii mtu, na chupa tupu inarudishwa. Nafasi zilikuwa chache, Mama akapata. Nilishukuru mpaka nikatoa sadaka jumuiyani.

Jirani yake, Mama Prosper, alipatwa na ugonjwa huohuo nafasi zikiwa zimejaa. Hawa wawili si majirani tu. Waliolewa ukoo mmoja, mwaka mmoja, wakalea watoto pamoja. Ng'ombe wa Mama yuko zizini kwa Mama Prosper mpaka leo. Yeye anakamua maziwa, ndama wanagawana. Ndivyo tunavyofuga kwetu, ng'ombe mmoja anakuwa wa nyumba mbili.

Basi Jumamosi moja nikapanda Kirua kumsalimia, nikamkuta jikoni na kisu cha kumenyea ndizi, anakata kidonge juu ya kibao.

"Mama, unafanya nini?"

"Nagawa," akasema, hata macho hakuinua. "Nusu yangu, nusu ya Mama Prosper. Tumeanza tangu Kwaresima."

Nilirudi mjini. Nikaenda kwa daktari, nikauliza kama vile naulizia mtu mwingine, mgonjwa akikata kile kidonge itakuwaje. Akaniambia hakikatwi. Unga wa ndani unajulikana siku nyingi, kilicho kipya ni lile tabaka la juu linaloufanya uyeyuke polepole kutwa nzima. Ukikikata, dawa inamwagika yote mara moja na mwili unaipoteza. Na tabaka hilohilo ndilo kampuni imelisajili kuwa mali yake, hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitengeneza wala kuliingiza nchini mpaka miaka waliyopewa kisheria iishe.

"Kwa hiyo nusu si nusu," akasema. "Ni sawa na hakuna."

Msidhani sikuhangaika. Nilikwenda kwa muuza dawa mmoja tunayefahamiana naye. Akasema India wanatengeneza kinachofanana, mtu wa kawaida anakimudu, lakini yeye hathubutu kukileta. Mwenzake alijaribu, mzigo ukazuiliwa mpakani. Nikamwuliza, "Kwa hiyo wagonjwa wasubiri hiyo miaka iishe?" Akawa anafuta kioo cha kabati. "Dada, mimi nauza tu." Soko huria tunaimbiwa kila siku. Suruali aliyoivaa mzungu inaingia bila mtu kuuliza, mimi mwenyewe naiuza, lakini kidonge kinakamatwa. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu kwa hasira.

Nikawaita wote wawili jikoni kwa Mama, tukala mtori, nikawaeleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema basi hawatakata tena, watapokezana, leo yeye, kesho mwenzake. Nikasema hiyo nayo haimsaidii mtu, mtakwisha wote wawili. Akaniangalia. "Wewe unataka nimeze peke yangu, halafu nimwangalie mwenzangu anavyokwisha upande wa pili wa masale?" Masale ndiyo miti ya mpaka kati ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, na chao. Mama Prosper alikuwa amekaa palepale, ameinamia bakuli lake.

Nikamchukua Mama na chupa yake, nikashuka nao mjini. Chupa naifungia kwenye sanduku la nguo. Kila asubuhi namtolea kidonge kimoja, nasimama mpaka ameze. Mama yangu mzazi namwambia fungua mdomo nione. Hazungumzi nami siku hizi, zaidi ya kuitikia shikamoo.

Jumapili iliyopita Mama Prosper akaja. Amekonda mpaka nguo inampwaya. Akatoa ndani ya kanga jani la sale lililofungwa fundo. Wachagga mnaelewa. Kwa wengine, mtu akikuletea jani hilo na ukalipokea mkononi, ombi lake umelikubali, na kulikataa ni aibu inayokufuata mpaka kaburini. Mtu mzima aliyenibeba mgongoni akapiga goti mbele yangu.

"Mwanangu, naomba chupa moja, nzima, nimwone Prosper akioa. Baada ya hapo sitakusumbua."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anaitikia kwa kichwa. Na daktari alishaniambia kwamba Mama akiacha dawa kwa mwezi mzima, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi hautashikika tena. Mimi nikasema ngoja nichemshe chai. Niliporudi, Mama Prosper alikuwa ameondoka, jani ameliacha mezani.

Bado liko palepale. Lingekuwa la mgomba lingeshakauka, lakini sale halikauki upesi. Mama akipangusa meza anapitisha kitambaa pembeni yake.

Leo asubuhi nimempa kidonge chake. Amemeza, akafungua mdomo bila kuambiwa, nikaangalia. Kisha akaniuliza, taratibu tu, "Na yule aliyekunyonyesha nilipokuwa nimelazwa, mdomo wake nani anauangalia?"

Jumatatu nachukua chupa mpya hospitalini. Nampenda mama yangu, sitaki kumzika. Na yule mwingine naye nimenyonya kwake. Ndugu wasomaji, wenye mama na mliokwisha kuzika, nishaurini. Lile jani nilishike, au nilipite?