Refa Alipomwuliza Kipa

Refa alimwuliza kaka yangu, mbele ya uwanja mzima wa Baba Dogo, kama mpira umeingia golini au haujaingia. Hakumwuliza mshika kibendera wala nahodha. Alimwuliza kipa mwenyewe! Nimetazama mpira tangu utotoni na sijaona tena jambo kama lile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli na ndoo ya machungwa ya wachezaji.

Ili lieleweke, lazima nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kaka yangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha beseni na ndoo za plastiki. Kila asubuhi alisimama langoni na wenzake, na msimamizi akatoka akanyosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyoshewa kidole alirudi nyumbani. Lakini meneja wa kiwanda alipenda mpira kupita kiasi, na timu ya kiwanda ilikuwa kama mtoto wake. Kaka alikuwa kipa wa timu hiyo, tena kipa hodari. Kabla ya fainali meneja aliwaambia wachezaji, "Leteni kikombe, na kipa wenu ataandikwa kazi ya kudumu."

Tulivyopiga kelele nyumbani, majirani walidhani tumevamiwa! Mke wa kaka na mtoto wao walikuwa bado kijijini, upande wa magharibi, kwa sababu kazi ya kunyoshewa kidole haiwezi kulisha watu watatu mjini. Mtoto alikuwa ameanza kutembea, na baba yake alikuwa amesikia tu.

Sasa, ushirika wetu wa Jumatano ulikuwa na desturi moja. Tulikutana nyumbani kwa mama mmoja aliyeuza mboga, naye alipitisha mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia uliojaa vikaratasi, kila kimoja na mstari wa Biblia. Ukichota mstari, ni wako kwa wiki nzima. Kuurudisha ni marufuku. Na Jumatano iliyofuata hakukuuliza kama umeukariri. Alikuuliza, "Umeutii wapi?" Nimeona wanaume wenye ndevu wakikumbuka ghafla kwamba wana wageni nyumbani.

Juma lile la fainali, kaka alichota maneno ya Yesu kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na siyo yake iwe siyo. Akacheka.

"Huu ni wa wanasiasa," alisema. "Mama, mimi nilitaka wa vita."

"Umechota, umechota," mama wa mboga akamjibu.

Alitaka mstari wa vita kwa sababu alijua jaribu linalomngoja. Timu nyingi za mitaa yetu zilikuwa na mambo yake wakati ule. Kuna zilizoruka ukuta badala ya kupita langoni. Yetu ilikuwa na chupa ya dawa ya mganga. Jumamosi hiyo, walipokuwa wakivaa jezi nyuma ya ghala moja, nahodha aliitoa mfukoni, na kila mchezaji akanawa mikono kwa maji yale meusi. Mimi nilikuwa pale nikimenya machungwa. Beki wa kulia, rafiki ya kaka tangu shule ya msingi, ndiye aliyemsogezea.

"Nawa, buda. Ni maji tu."

"Kama ni maji tu, kunywa."

Wengine waliangua kicheko. Beki hakucheka. "Wewe na ulokole wako! Tukifungwa leo ni juu yako. Na ile kazi usahau."

"Mikono hii nimeiosha kwa sabuni ya kipande," kaka akasema. "Na ina mwenyewe, siye huyo wa chupa."

Akavaa glavu akatoka. Nilitaka kupiga vigelegele! Nilidhani jaribu limeshapita. Naye alidhani hivyo hivyo.

Tulicheza na vijana wa mtaa wa Umoja, na mchezo ulikuwa moto. Kaka alipangua mipira ambayo hata sasa nikiikumbuka nainuka kitini. Sifuri kwa sifuri, na jua likianza kushuka, Umoja wakapata kona. Mpira ulipigwa kichwa, ukagonga mwamba wa juu, ukashuka chini, na kaka akauangukia. Goli halikuwa na wavu. Mstari wa chokaa ulikuwa umefutwa na miguu. Mshika kibendera alikuwa amemezwa na watazamaji waliojaa hadi ndani ya uwanja.

"Bao!" Umoja wakapaza sauti.

"Wapi!" wetu wakajibu.

Ndipo nahodha wa Umoja, akicheka, akamwambia refa, "Muulize kipa! Si ni mlokole? Hawezi kudanganya!"

Uwanja wote ulicheka. Alisema kwa dhihaka. Lakini refa, mwalimu mmoja kutoka Komarock, hakucheka. Alimwendea kaka, ambaye bado alikuwa amepiga magoti na mpira kifuani.

"Kipa. Imeingia?"

Kelele zilikatika. Kule pembeni meneja alisimama kutoka kwenye kiti chake. Beki aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Sema haijaingia. Hata mimi nimeona haijaingia. Fikiria mtoto, buda."

Midomo ya kaka ilikuwa ikicheza. Nilijua anachosema, kwa sababu juma zima alikuwa akikisema akinyoa ndevu, kwa mzaha: ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Sasa hakukuwa na mzaha. Jasho lilimtiririka likachora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Imeingia," alisema.

Oho! Umoja walirukaruka kama watu waliomwagiwa maji ya moto. Refa akapuliza filimbi na kuonyesha katikati ya uwanja. Beki alivua jezi, akaitupa chini, akaikanyaga. Meneja aliingia garini kabla mchezo haujaisha. Bao moja kwa sifuri, na kikombe kikaenda Umoja.

Jumatatu kaka alisimama langoni kama kawaida. Gari la meneja lilipita polepole, dirisha likiwa wazi. Likafungwa. Msimamizi akanyosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Kaka akarudi nyumbani, akafua glavu zake, akazianika.

Jumatano, mama alikuwa ndiyo kwanza anamwuliza kaka "Umeutii wapi?" mlango ukafunguliwa akaingia beki, ambaye hakuwa amekanyaga ibada tangu ubatizo wake.

"Nimekuja kupinga," alisema. "Huyu asisifiwe hapa. Mpira haukuingia! Nilikuwa kwenye mlingoti, nimeona kwa macho yangu."

Zogo likazuka. Mama wa mboga alijifunga leso kiunoni. "Basi twende," akasema, na ushirika mzima ukatoka kwa maandamano hadi uwanjani, Biblia kwapani, mama akiwa na mkebe wake mkononi. Beki alipiga magoti akachora kwa kidole. "Ilisimama hapa!" Kaka akachora kwa kidole chake. "Hapa." Kati ya alama hizo mbili ungeweza kuweka chapati, si zaidi.

"Una hakika?" mama alimwuliza kaka.

"Nina hakika."

"Na wewe?"

"Hakika kabisa, mama."

Mama aliwatazama, kisha akamsogezea beki mkebe. "Chota."

"Mimi sijaokoka."

"Mkebe haujakuuliza."

Akachota. Akasoma, akakunja uso, akatia kikaratasi mfukoni. Jumatano iliyofuata alirudi, akisema amekuja tu kuendeleza ubishi.

Kazi ya kudumu kaka hakuipata pale. Shemeji na mtoto walikuja hivyo hivyo, tukagawanya chumba kwa pazia, na kwa siku za kwanza mtoto alimwita baba yake mjomba. Beki ndiye aliyetusaidia kubeba kitanda.

Wamezeeka sasa, na wakikutana kwangu chai haijamiminwa wameshaanza. Imeingia. Haikuingia. Kisha wote wawili hunigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote, nyuma ya goli, na wanajua hakuna kinachonipita.

Nilikuwa nimefumba macho, nikiomba usiingie. Nilipoyafumbua, kaka alikuwa ameshaukumbatia, na vumbi lilikuwa bado halijatulia.