Mikono Bila Uso

Nizigama wa Nyakabere alizaliwa ana shoto, na mama yake hakuipenda hata kidogo. Alimchapa akila ugali kwa mkono huo, akamchapa akimpokea mgeni kitu kwa mkono huo, mpaka akachoka. Lakini mkono huohuo ndio uliopiga ngoma za misa, na ndio uliomfikisha Uvira kwenye kundi la Léopold, vijana wa roki ambao magitaa yao wazee wa parokia waliyaita kelele za shetani.

Wimbo wao wa kwanza ulitoka wakati vita vimekwisha kuwagawa watu kwa pua na lafudhi. Kwenye klipu Léopold alionekana uso mzima, mpiga gitaa vilevile. Nizigama alionekana mikono tu. Ni kwa usalama wako, Léopold alimwambia, watu wa bondeni wenye Kirundi kama wewe hawatazamwi vizuri siku hizi. Nizigama akashukuru. Mtu mwema yule, alishukuru hata kwa kufichwa.

Wimbo ukaenea kwenye simu mpaka Lemera, kule milimani.

Asubuhi moja Nizigama alikuwa akitoka kwao kwa pikipiki kwenda mazoezini, akakuta kamba ya kizuizi imefungwa barabarani. Vijana wenye mapanga wakamshusha, wakasikia Kirundi ndani ya Kiswahili chake, wakamwita mpelelezi. Akajitetea kwamba yeye ndiye mpiga ngoma wa wimbo uliokuwa ukilia kwenye simu yao. Mkubwa wao, Espoir, akaitazama klipu mpaka mwisho, uso ule asiuone. Asiyekujua hakuthamini. Wakamwambia aimbe, na maneno yakamtoka nusu nusu. Tangu lini mpiga ngoma akajua maneno? Mmoja akamkaba ukosi.

Espoir akamsogezea kwa mguu bidoni tupu, dumu la maji. "Piga basi."

Akapiga. Mkono wa kushoto ukatangulia, kama kwenye klipu. Espoir akatazama simu, akatazama mikono, akatazama simu tena. Kamba ikashushwa.

"Njo weye kweli," Espoir akakiri kwamba ndiye. "Lakini sura yako, juu ya nini baliificha?"

Nizigama alikwenda na swali hilo, kwa nini walimficha uso, mpaka Uvira.

Alimkuta Léopold akipanga klipu ya pili. Akamsimulia yote, na Léopold akamshukuru Mungu kwamba mikono imemwokoa.

"Mikono iliniokoa, ndiyo," Nizigama akasema. "Lakini ni uso usiojulikana njo balitaka kuua. Klipu hii muonyeshe uso wangu, ama mutafute mikono ya mwingine."

Léopold akainama, akasema atawauliza wenzake. Nizigama akachukua vijiti vyake kwa mkono wa kushoto, akatoka.