Kamba ya Kengele ya Klementi

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na asiyeamini asiniombe pombe. Enzi za Mjerumani, Klementi Mkude, mpiga kengele wa misheni ya Matombo, aliichinjia mizimu kuku mweusi ili mwanawe mgonjwa apone. Mtoto akafa. Kwa aibu, Klementi akawa anasali nje ya kanisa, mvuani, kama mbuzi asiye na mwenyewe. Kengele ikanyamaza miezi mitatu.

Jumapili moja padre akatoka, akamsikiliza akiungama, akampa kamba ya kengele. “Hii ilikuwa inakungoja.”

Basi Klementi akaivuta kwa nguvu, mlio ukafika Bagamoyo, simba wa nyika ya Mkata wakapiga magoti na—

“Acha chumvi, mtani,” Klementi mwenyewe, sasa mzee, akanikatiza. “Mikono ilikataa. Padre aliishika kamba pamoja nami, tukavuta wote.”