Hadithi za Mchana katika Nyumba ya Kusomea ya Voi

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nikae. Nyinyi vijana mnaozunguka mkitafuta kazi ya kiti na meza mtaniona mjinga, lakini kwangu ile amri ilikuwa adhabu. Nilikuwa nimetoka vitani juzijuzi, vita vya Mjerumani, ambako nilibeba mizigo ya jeshi hadi ng'ambo ya Taveta, na miguu yangu ilikuwa imesahau kutulia. Nilikaa kidogo, nikainuka, nikachungulia dirishani kuona garimoshi, nikarudi, nikainuka tena.

"Kaa kitako, Mwakio," alisema Karani wa Vitabu, mkubwa wangu wa kwanza. "Vitabu havina miguu. Vitakwenda wapi?"

Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, aliyeletwa Voi na baba yake wakati reli inajengwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Neno maktaba hatukulitumia sana siku hizo. Tulisema nyumba ya kusomea, nayo ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na stesheni, chenye madirisha mawili, mabenchi, na rafu zilizopangwa vitabu vya Kiswahili, Kiingereza na magazeti ya Kigujarati ambayo wenye maduka walikuja kuyasoma huku wakibishana.

Kazi yenyewe ilikuwa na ufundi wake. Kila mguu wa rafu ulisimama ndani ya mkebe wa mafuta ya taa, maana mchwa wa Voi angemaliza rafu nzima wewe ukiwa unakunywa chai. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano na maji, tukatia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, ili mende wasitafune majalada. Kitabu kipya hakikufunguliwa kwa pupa. Unakisimamisha kwa mgongo wake juu ya meza, unalaza kurasa chache za mwanzo, kisha chache za mwisho, hivyo hivyo hadi ukutane na katikati. Ukikipasua tu kama nazi, uti unavunjika na kurasa zinaanza kung'oka. Mimi niliharakisha kila kitu, na Karani alinipokonya vitabu mikononi mara nyingi.

Nilichokipenda ni sanduku la safari. Tulijaza vitabu ndani ya sanduku la mbao, tukalipandisha garimoshi la Taveta, nami nikashuka nalo Mraru au kokote penye watu wa kusoma. Baadaye nilihamishiwa Mraru kwa muda, nikafanya kazi barazani kwa mwenye duka mmoja, kisha nikarudishwa Voi. Nilirudi kwa moyo mzito, na nilichokikuta kilizidi kunitia wasiwasi.

Nyumba ilikuwa tupu. Wasomaji wa magazeti walikuja asubuhi na kuondoka. Watu wa milimani, watu wangu mimi, hawakuingia kabisa. Na mfanyabiashara mmoja wa ngozi alikuwa ameomba chumba kile kiwe ghala lake.

Bwana Shauri, yule afisa wa serikali aliyetutawala, alikuja akasimama mlangoni. "Likizo ya jua kali, shule zote za mlima nafunga," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka watu hapa. Asubuhi masomo, mchana hadithi ya zamani. Siku moja mimi nakuja tazama. Kama hapana watu, ngozi naingia."

"Na jioni, Bwana?" aliuliza Karani.

"Jioni hapana. Taa na karatasi, moto. Na simba iko. Kabla ya jua kuzama, funga."

Nilikwisha kuipenda nyumba ile, nasema wazi. Nilikuwa nimejifunzia humo kusoma vizuri, kitabu juu ya kitabu, huku nikijifanya napanguza vumbi. Kufikiria ngozi mbichi zimelundikwa pale penye rafu zangu kulininyima raha. Nilitembea chumbani kama mwenye jino bovu, Karani akaniambia nitatoboa sakafu.

Likizo ilipoanza nilipanda Mbololo, mlimani kwetu, kuwaita watu. Asubuhi za kwanza hazikuwa mbaya. Wanafunzi walishuka, tukawasomea kwa sauti, tukawafundisha kuandika barua na kushona kitabu kilicholegea. Lakini wakubwa hawakuja, na watoto nao walianza kupungua. Basi nikamwendea Shangazi Mghoi, dada ya baba yangu, ambaye hadithi zake zilijulikana mlima mzima. Nikamsihi ashuke. Alikubali, na alipokubali yeye, majirani wake wote walifuata.

Siku hiyo chumba kilijaa hadi mlangoni. Shangazi aliketi kwenye kiti cha Karani, akapanga leso yake, akatutazama. Tukangoja. Akaendelea kututazama.

"Shangazi, anza," nikamwambia.

"Nianze nini?"

"Hadithi."

"Mwakio, vita vilikuharibu kichwa? Jua hilo hulioni? Hadithi mchana! Nani atachunga mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Nilijua mwiko ule tangu utotoni, lakini nilidhani mbele ya serikali ungelegezwa kidogo. Nikamgeukia Karani aniokoe. Akainua mikono. "Hata kwetu," alisema, "mtoto akidai hadithi mchana anaambiwa ataota mkia." Watu wakacheka tena, wakainuka, wakaenda zao sokoni kununua chumvi. Nikabaki na mabenchi.

Nilikasirika. Jioni Bwana Shauri alikataza, mchana shangazi yangu alikataza, na katikati hapakuwa na saa nyingine. Nilitoka nikazunguka stesheni, nikapita ghala la mizigo, nikarudi, nikapita tena, na katika kuzunguka huko ndipo nilipoyaona maturubai ya kufunikia mabehewa. Niliyaazima kwa msimamizi wa ghala, tukayatundika madirishani pamoja na Karani na kuziba kila tundu la bati. Tulipofunga mlango, sikuuona mkono wangu.

Nikapanda tena Mbololo. Shangazi alinisikiliza huku akipepeta mahindi.

"Giza si usiku," alisema. "Usiku ni kazi kwisha. Tulikatazwa mchana kwa sababu mtu akinoga na hadithi, mbuzi wanapotea na maji hayachotwi. Kazi ikiwa imekwisha na giza likawepo, hapo nitafikiri."

Habari ikazunguka vijiji. Siku iliyofuata watu waliamka mapema kuliko kawaida, wakachunga, wakachota maji, wakakata kuni, wakashuka. Na siku hiyo hiyo, asubuhi, tarishi alileta habari kwamba Bwana Shauri atakuja mchana kutazama. Karani akaniweka mlangoni nimpokee. Nguo zangu zililoa jasho kabla hata ya kufunga madirisha.

Mlango ulipofungwa, Shangazi alianza kuuliza mmoja mmoja gizani.

"Wakesho, maji?"

"Yamo mtungini."

"Mwadime, mbuzi wako wapi?"

"Zizini, wamefungiwa."

Aliuliza wote. Mwisho akasema, "Na wewe, Mwakio? Nasikia viatu vyako hapo mlangoni. Kazi yako imekwisha?"

"Bado, Shangazi. Namngoja Bwana Shauri."

"Basi na sisi tutangoja. Sianzi kama kuna mtu amesimama."

Hapo nilishikwa pande mbili. Nikikaa, mkubwa atakuta mlango umefungwa na hakuna wa kumpokea, atasema nyumba imekufa. Nikisimama, hakuna hadithi. Nilisikia watu wakihema kwa joto la mabati, na benchi moja likaanza kulia, dalili ya watu kuchoka. Nikakaa. Nilikaa sakafuni, nikakunja magoti, nayo miguu yangu ikatetemeka kwa kutaka kuinuka.

Shangazi akaanza kwa Kidawida, lugha yetu ya mlimani, hadithi ya fisi aliyeajiriwa kulinda nyama. Watu waliitikia, walicheka, walinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu vita nilisahau kuwa nina miguu.

Ghafla mlango ukafunguka na mwanga ukatumwagikia. Shangazi akakata neno katikati. Bwana Shauri alisimama pale, kofia mkononi, akikodoa macho asione kitu.

"Funga mlango!" chumba kizima kikapiga kelele, wazee na watoto. Sauti ya Karani, mtu mpole vile, niliisikia juu ya zote.

Bwana Shauri akaingia, akafunga mlango.

"Huyo naye akae," alisema Shangazi. Nikamvuta suruali, akakaa sakafuni karibu nami. Karani alimnong'onezea hadithi kwa Kiswahili, kadiri alivyoielewa. Shangazi alipomfikisha fisi mahali pabaya kabisa, alinyamaza, akasema yaliyobaki ni ya kesho.

Nje, Bwana Shauri alijifuta uso na shingo. Hakuuliza idadi ya watu wala hakutazama rafu.

"Fisi nakufa?" aliuliza.

"Sijui, Bwana," nikamjibu. "Mpaka kesho."

Alivaa kofia yake. "Ngozi nangojea," akasema, akaenda.

Ngozi hazikuingia nyumba ile siku zangu zote. Nilihamishwa tena, safari hii Taveta, nikarudishwa Voi, wakubwa wakabadilika, na kila likizo ya jua kali maturubai yalipanda madirishani hata baada ya Shangazi kuzikwa. Nilistaafu humo humo.

Sasa niko nyumbani Mbololo, na kukaa bado kunanishinda. Wajukuu wangu wanaujua utaratibu. Wakitaka hadithi wanakuja wakiwa wamejiandaa. Nawauliza maji, wanasema yamo. Nawauliza mbuzi, wanasema zizini. Kisha yule mdogo wa mwisho, ambaye hakumwona Shangazi hata siku moja, ananigeukia: "Na wewe, babu? Kazi yako imekwisha?"

Nimestaafu, kwa hiyo jibu lapaswa kuwa ndiyo. Lakini huwa nainuka kwanza, naenda mlangoni, natazama njia ya Voi kama kuna mtu anakuja. Kisha nafunga mlango, nakaa.