Mshenga Aliyekaa Chini ya Kiraka

Nakumbuka siku moja, siku ya posa yangu, na mpaka leo mvua ikianza kugonga bati mimi hutazama dari kwanza. Asubuhi ile, nyumbani kwetu Magomeni, kipande cha dari kilianguka ukumbini kikaacha tundu pana kama sinia. Mama akashika kichwa. Mshenga alikuwa anakuja alasiri, na mama yangu alikuwa mtu wa kufagia uwanja mara mbili kwa mgeni wa kawaida tu.

Kaka yangu Hamisi akakimbia Kariakoo, akarudi na ubao wa dari begani, misumari na kopo la rangi nyeupe. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

"Kaka, bati ndilo lililotoboka," nikamwambia. "Ungeanzia juu."

"Leo tunaziba wageni wasione. Kwenye bati nitapanda kesho."

Adhuhuri dari ilikuwa nyeupe kabisa, na mama akatulia.

Sasa, mwanangu, chini ya ubao ule ndipo palipokuwa mahali pa heshima, pa kuelekea mlango, na mama asingekubali mshenga akae pengine. Akamtandikia mkeka mpya hapo hapo. Mimi nikaambiwa nikae chumbani, maana binti anayeposwa haonekani siku hiyo. Nikabaki kuchungulia penye pazia.

Mshenga alikuwa mzee mwembamba, mpole wa maneno. Ndiyo kwanza anaanza kumsifu kijana wake, mvua ikashuka. Nikatazama juu. Ubao ulikuwa unalowa, kisha ukaanza kufanya tumbo. Tone likamwangukia mzee begani, akajifanya hakuliona. Hamisi akaangalia vidole vya miguu yake. Baba akakohoa. Mama akaona pazia linatikisika, akanikazia macho nirudi ndani.

Niliogopa, sikufichi. Nikitoka, watasema binti huyu hana haya, posa ivunjike, na yule kijana nilikuwa nampenda. Nisipotoka, ubao na maji yake vitamshukia mzee wa watu kichwani.

Nikatoka.

"Shikamoo babu. Naomba uhame hapo. Dari inavuja, tumeiziba leo ili usione."

"Marahaba," akasema, akainuka bila kuuliza. Hajafika hata ukutani, ubao ukaanguka na maji ya kujaza ndoo, puu, juu ya mkeka mpya.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mzee akakung'uta kanzu yake, akamgeukia baba.

"Nilitumwa niulize huyu binti ni wa namna gani. Hilo siulizi tena."

Kesho yake Hamisi alipanda kuziba bati, na aliyekuwa naye huko juu ni mchumba wangu. Ndivyo mama alivyomwona mkwewe mara ya kwanza, akiwa na nyundo mkononi.

Mwanangu, nyumba yako nayo itakuja kutoboka. Usikimbilie rangi. Panda juu kwanza, uzibe panapoingiza maji, dari itasubiri. Na kama mgeni ameshakaa chini ya kiraka chako, mwambie ahame, hata wakubwa wakikukazia macho. Aibu ya kusema mimi niliimaliza siku ile ile. Mzee yule angepasuka kichwa nyumbani kwetu, lawama yake ningeibeba mpaka leo. Mungu akupe paa zima, na siku likivuja akupe na mdomo wa kusema.