Wazamiaji wa Katunguru na Fomu Yangu

Nilikwenda Bwera kuazima mpira wa kuzamia wa baba mkubwa ili nimcheke nao mbele za watu. Sipendi kulisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka Entebbe na cheti cha uzamiaji wa uokoaji, na wavuvi wa Katunguru walikuwa wameniomba niwafundishe watu wao wa kushuka mtu anapozama kwenye mfereji wa Kazinga. Siku ya kwanza nilitaka nitundike vile vifaa vya zamani ukutani niseme: tazameni, hivi ndivyo watu walivyokuwa wakijiua.

Baba mkubwa na mdogo wake, yaani baba yangu, walikuwa mafundi wa matairi hapo Bwera. Ndio watu wa kwanza tunaowajua waliopiga mbizi kwenye mfereji ule wakivuta hewa kwa mpira. Hakuna aliyewafundisha. Walichoka tu kuona mtu aliyezama akitolewa kwa ndoana, amechanikachanika, ndugu zake wasiweze hata kumwosha. Wakachukua kompresa ya kujazia matairi, wakaifunga kwenye mtumbwi, wakaunganisha mpira mrefu, na mwisho wa mpira wakauuma kwa meno. Miwani ilikuwa kipande cha kioo cha dirisha kilichoshonewa tyubu ya trekta. Uzito ulikuwa mnyororo wa lori kiunoni. Mmoja akishuka, mwingine alibaki juu na kamba.

Baba alifia humo nikiwa na miaka saba. Walisema maji yamemchukua, ingawa msibani nilisikia minong'ono ya povu la damu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira ya jambo hilo nimekua nayo kama ndugu niliyelala naye kitanda kimoja.

Nilimkuta baba mkubwa nyuma ya nyumba anachambua kahawa. Vifaa alikwisha kuviweka tayari juu ya gunia, vimepanguswa vumbi.

"Karibu, mama," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu utoto. "Umekuja kuchukua ile takataka?"

Nikatoa fomu ya ukaguzi, ile ile tunayojaza kabla ya kila mzamo, nikaanza kumsomea swali moja moja. Nakiri nilikuwa na kiburi.

"Hewa mlikuwa mnaipima vipi?"

"Tulikuwaka tunainusa. Ikinuka mafuta sana, tunangoja kidogo."

"Kichwa kikiuma baada ya kutoka?"

"Maziwa ya Muhokya. Kikombe mbili."

"Hairuhusiwi mtu kuwa chini peke yake."

"Peke yake namna gani? Iko na maiti. Si batu babili?"

Nilicheka bila kutaka; katika Kiswahili chake cha mpakani watu ni "batu", na ndiye ni "njo". Nikauliza habari za viboko.

"Kiboko njo mwenye nyumba. Tunapiga kasia juu ya maji mara tatu, tunangoja atoke. Asipotoka, tunarudi kesho."

Kila kisanduku nilitia alama ya kosa. Lakini kadiri ukurasa ulivyojaa, ndivyo mkono wangu ulivyozidi kuwa mzito. Kule Entebbe nilishuka na mtungi uliopimwa, saa ya kina, na mwalimu aliyekuwa karibu kiasi cha kunishika bega, na bado siku ya kwanza nilitetemeka hadi nikatapika. Hawa walishuka kwenye maji ya kinyesi cha kiboko ambamo mtu haoni kiganja chake. Walipapasa matope kwa mikono wakitafuta uso wa mtu, tena mtu wa watu wengine, ambaye pengine hawakuwahi kusalimiana naye. Niliutazama ule mnyororo nikashangaa kwamba kuna mwanadamu aliyewahi kuufunga kiunoni na kukubali kuachia mtumbwi. Sikuwa na kisanduku cha jambo kama hilo.

Baba mkubwa akaacha kahawa.

"Sasa weye uko na karatasi. Ambia miye kweli. Ule siku, mpira ulichomoka kwa kompresa. Niliona unaruka. Nikavuta kamba mbio, na nguvu yote. Baba yako akatoka juu na povu ya damu, akaniangalia, akafa mbele ya kufika ukingo. Tumboni hakukuwa maji. Miaka yote ninauliza Mungu, anyamaza tu. Ni miye nilimuua?"

Hapo nikajua kwa nini alivipangusa vumbi vile vitu. Alikuwa amenisubiri kama mtu anavyosubiri hukumu.

Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu wiki ya pili ya kozi, mwalimu alipoandika ubaoni kanuni iliyo juu ya kanuni zote: usibane pumzi unapopanda. Hewa uliyoivuta chini imeshindiliwa. Ukipanda nayo kifuani inafura kama uji kwenye sufuria iliyofunikwa, na mapafu yanapasuka, hata kama kina ni cha mita chache tu. Siku hiyo nilitoka darasani nikaenda kulia chooni. Baba alibana pumzi, na kaka yake akamvuta mbio. Kwa kanuni za leo, ndiyo, kosa lilikuwepo, na mkono wa baba mkubwa ulikuwemo.

Nilitaka kudanganya. Ili nipate muda, nikamuuliza siku nyingine walikuwa wakipanda vipi.

Alipiga magoti. Akakunja mkono wa kushoto kana kwamba amemkumbatia mtu chini ya kwapa, akafumba mdomo kwa meno kama bado ameuma mpira, akaanza kuimba puani. Ulikuwa wimbo wa kanisani, wa polepole, sauti moja ndefu ikifuatwa na nyingine. Aliimba tangu magotini hadi aliposimama wima.

"Tulikuwaka tunaimbia yeye," alisema. "Mutu amekaa mule peke yake siku mbili, siku tatu. Lazima asikie sauti ya mutu, asiogope njia ya kwenda kwabo. Hatupandishe maiti kimya hata siku moja."

Mtu hawezi kuimba na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Kule Entebbe mwalimu alitulazimisha kutoa sauti ya "aaa" tangu chini hadi juu mpaka koo zikakauka, na tulidhani ni ujuzi uliotoka ng'ambo kwenye mameli. Kumbe mafundi wawili wa matairi wa Bwera walikuwa wameufanya kwa huruma tu.

"Na siku ile," niliuliza, "baba aliimba?"

Alinishangaa. "Siku ile hakukuwa maiti. Mashini ya boti ilizama, tukaitwa. Ataimbia mashini?"

Kisha akaona uso wangu, akaketi.

Nikamweleza yote, polepole, habari ya hewa na uji na sufuria. Sikumficha habari ya kamba. "Kuvuta mbio kulikuwa kosa, baba mkubwa. Lakini hakuna aliyekuwa amewaambia. Na kama angekuwa anaimba, pengine hata hivyo angepona."

Machozi yalimtoka bila sauti, nami nikalia naye, na ile hasira nikaitafuta sikuiona.

"Kumbe bale bafu," alisema mwishowe, "njo balikuwa banatuchunga."

Aliposhika tena ungo wa kahawa akaniambia: "Fundisha bo baimbe. Hata mikono ikiwa bure, bila maiti."

Wiki iliyofuata alikuja Katunguru. Tangu msiba hakuwa amesogelea ukingo ule. Ile fomu sikuitundika, wala mpira. Niliwaonyesha wanafunzi mnyororo, nikawaomba waushike mmoja mmoja, wauonje uzito wake. Askari wa wanyamapori alipotuambia viboko wako mbali, baba mkubwa bado alipiga kasia mara tatu. Halafu akaomba kamba yangu aishike yeye.

Nilishuka nikagusa matope, nikageuka. Sikuwa nimebeba kitu. Nikaimba puani ule wimbo wake, nikapanda nao taratibu, maji yakibadilika kutoka weusi kuwa kahawia, kisha rangi ya chai.

Nilipotoa kichwa alikuwa amesimama pale pale, mdomo ameufumba, naye anaimba. Kamba ilikuwa imelegea mikononi mwake. Hakuwa ameivuta hata kidogo.